Bati za Mzee Alfani

Zuhra aliamshwa na nyundo. Ilikuwa juu ya paa, usawa wa kitanda chake, inagonga taratibu kama ya mtu anayetafuta msumari ulipo, na kabla hajafumbua macho vizuri alikwisha kusema, "Shikamoo, babu."

Nyundo ikaendelea. Ndipo akakumbuka kwamba arobaini ya babu yake ilisomwa juzi. Masufuria ya kuazima bado yamejazana uani.

Akatoka mbio. Vijana wawili walikuwa juu wanang'oa bati, nyingine zimekwisha pakiwa kwenye kenta iliyoegeshwa ubavuni mwa kisima. Chini alisimama Faruku, mtoto wa dada yake babu, mfanyabiashara wa Masasi. Bibi Sijaona alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, khanga ya msiba kichwani, anatazama juu kama anayekagua kazi.

"Shikamoo, mama," Faruku alimwambia bibi.

"Marahaba, mwanangu." Mazoea yalijibu kabla ya bibi mwenyewe.

"Mniwie radhi kwa kuja mapema. Jua likipanda, bati zinaunguza mikono."

"Baba Ida, mnafanya nini?" Zuhra alimuuliza Faruku.

"Tunachukua cha mjomba. Mjomba ni wetu, watoto wa dada zake. Wewe ni wa ukoo wa bibi yako, na huko ukooni kwenu una wajomba zako. Kuta tumewaachia."

"Nyumba alimjengea bibi. Alisema mbele ya watu."

"Alisema." Faruku alitabasamu. "Mjomba alikuwa mpole. Alisema mengi."

Babu, Mzee Alfani, alikuwa fundi. Kutoka Mkunya hadi Makote, aliyetaka nyumba alimfuata yeye, na asiye na kitu alijengewa hivyo hivyo, atalipa muhogo ukikomaa. Alikuwa na tabia ya kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, chumba hadi chumba, kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Zuhra, aliyelelewa naye tangu mama yake alipofariki, alizoea kulala kwa mlio huo.

Babu mwenyewe alikaa chini ya paa la nyasi mpaka uzeeni. Kila msimu wa korosho alinunua bati chache, akazilaza chini ya kitanda, akarudi kuezeka nyumba za wenzake. Alipoezeka yake alizipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye kazi ya shule, kisha akachimba kisima uani, akakipiga saruji, akatega mifereji ili mvua ya paani imalizikie humo. Bibi alikuwa amevunjika mgongo kwa kushuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani tangu usichana. Siku kisima kilipojaa, babu aliita majirani, akiwamo Mahmudu, mtendaji wa kijiji. "Nyumba hii ni ya Sijaona," alisema. "Hata nikitangulia, asishuke tena bondeni."

Kwa hiyo Zuhra alikwenda kwa Mahmudu. Alimkuta barazani. Baraza hiyo pia ilikuwa kazi ya babu.

"Ulikuwapo, mzee. Ulisikia kwa masikio yako."

"Nilisikia kama mazungumzo ya watu wanaokunywa chai, binti yangu. Ule haukuwa wosia."

"Basi tuandikie barua tuende mahakamani Newala."

"Mahakama itauliza mila za hapa, na atakayeulizwa ni nani? Ni mimi." Aliongea kwa upole, karibu kwa huruma. "Babu yako nilimpenda sana. Huyu Faruku ana watu. Tulia, mlee bibi."

Wiki haikupita, Mahmudu akajenga jiko jipya nyuma ya nyumba yake. Maji ya kisima yalikuwa yameishia msibani; Zuhra alipita na ndoo kichwani akitoka bondeni, akaliona paa lake ni la kijani. Mke wa mtendaji alimsalimu vizuri, akamuuliza hali ya bibi. Zuhra alisema nzuri.

Nyumbani Zuhra alitandika turubai juu ya chumba cha bibi, upepo wa uwandani ukalipasua. Jua sasa lilishuka hadi kitandani. Mchana, udongo ulipokauka, kuta zilianza kulia: ko, ko, kimya, ko. Zuhra alijua ni nyufa. Hata hivyo alisimama kila mara, ufagio mkononi, akausikiliza mlio ukitoka chumba cha mbele, ukapita koridoni, ukafika mlangoni pake.

"Anakagua," bibi alisema. "Mwache."

"Bibi, twende ukooni kwetu Chidya. Mjomba Yunusi atatupokea."

"Na yeye akirudi jioni amkute nani?"

Zuhra aliinama, akaendelea kufagia.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, nzito, bila upepo. Kwa nje kuta zilikuwa na lipu ya saruji, zikastahimili. Ndani zilikuwa zimekandikwa udongo mtupu, kwa sababu hakuna fundi anayejenga akitarajia mvua itokee ndani. Zilianza kuyeyuka. Tope jekundu liliteremka, fito zikachomoza, na katika udongo wa chini yake zikatokea alama za vidole vya babu, vinne vinne, pale alipokandamiza. Zuhra aliweka kiganja juu ya alama moja. Ikalainika, ikatelemka pamoja na mkono wake.

Kisima hakikupata kitu; mifereji ilikwenda na bati. Alitega ndoo chini ya ukuta, ikajaa upesi, nyekundu kama chai ya rangi.

Akaibeba aende kuimwaga.

"Usimwage," bibi alisema kutoka kitandani, amejifunika turubai lililochanika. "Iache ituame. Tutapikia."