Jani la Vidole Vitano

Jani lilikuwa na vidole vitano. Kamisi alivihesabu mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amechuchumaa, na mara ya tatu baada ya kuvaa miwani. Vitano. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akalifunika jani kwa kiganja. Jasho lilimtoka ingawa jua la kijijini kwake Dadamu lilikuwa halijapanda.

Alikuwa askari polisi mstaafu, tena wa miezi minane tu. Miaka thelathini na mitatu aliimalizia barabarani, kitengo cha trafiki, Jinja, Mbarara, Soroti, akipuliza filimbi na kukagua matairi. Bangi hakuijua kwa karibu. Aliijua kwa picha iliyobandikwa ukutani kituoni: jani la kijani, vidole vimetanuka, na onyo kwa maandishi mekundu. Sasa jani lile lile lilikuwa limejaa bustani ya mkewe, hapa nyuma ya jiko, kati ya mihogo na kunde, mamia ya mashina yaliyomfika kiunoni.

Mkewe, Hawah, alikuwa ameondoka siku nne kabla kwenda Koboko kumwangalia binti yao Shamim, aliyejifungua. Angekaa huko mpaka siku arobaini zitimie. Boda boda ilipokuwa ikimngoja langoni alimwambia, "Baba Shamim, hiyo bustani wacha. Iko najiangalia yenyewe." Kamisi aliitikia vizuri, lakini moyoni alikuwa ameshashika jembe. Bustani ile ilimkera tangu arudi nyumbani. Haikuwa na mstari hata mmoja. Kila mmea ulisimama ulipotaka, na mtu aliyemaliza ujana wake akipanga magari hawezi kuvumilia kuona kunde zikiipita mihogo ovyo ovyo. Alitaka mkewe arudi akute mistari.

Na sasa hili. Hawah wake? Hawah aliyerudisha ungo wa jirani kabla jua halijatua, Hawah asiyekosa sala hata moja? Lakini kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuamini. Mwanamke aliachwa peke yake na watoto wanne, mwaka baada ya mwaka, na watoto hawali barua za mume. Aliyemwacha ni nani? Swali hilo lilimuuma Kamisi kuliko jani lenyewe.

Sheria aliijua kama jina la mama yake. Kidhibiti cha kosa hakiguswi, mtu huenda kituoni akatoa taarifa. Kamisi alitazama upande wa barabara iendayo kituoni, kisha akakunja mikono ya shati. Aling'oa yote. Maganda makavu yalipasuka yakamrushia mbegu usoni na shingoni, naye hakujali. Kila mmea wenye jani lililomtia shaka ulifuata njia hiyo hiyo. Saa sita mchana, majirani wakiwa sokoni Arua, alirundika kila kitu juu ya mabua makavu ya mahindi akakitia moto. Aliacha mmea mmoja tu usiofahamika, mnene, wenye majani ya kupendeza. Huo aliumwagilia maji na kuuchomekea mti wa kuuegemeza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvunja sheria, na ajabu ni kwamba hakujuta hata kidogo.

Kesho yake asubuhi alikuja Natalina na kikapu. Natalina alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua, mama wa makamo aliyetoka Sudan Kusini miaka tisa iliyopita akaota mizizi hapa.

"Hodi, Mzee. Mama Shamim alisema mimi nikuje kuchuma mboga yake. Ile chungu. Iko wapi?"

"Mboga gani?"

"Ile ya majani tano, na maua nyeupe. Ile yeye napika na simsim. Mgagani." Akamtazama vizuri. "Mzee, mbona unakaa chini?"

Mgagani! Kwa miaka thelathini na mitatu, kila alipokuja likizo, jioni ya kwanza Hawah alimpikia mgagani kwa simsim, ule ufuta uliosagwa, naye alikomba bakuli mpaka likang'aa. Aliujua ukiwa umepikwa. Ukiwa mbichi, hawakuwa wamewahi kutambulishana. Alimweleza Natalina kila kitu kwa sauti ya chini, na Natalina akalitazama jivu, akautazama ule mmea ulioegemezwa mti.

"Na huyu nani amefungia mti?"

"Mimi. Si mboga huyu?"

"Huyu mchicha ya miiba, Mzee! Hata mbuzi nakataa." Natalina alicheka mpaka akaweka kikapu chini. Kisha kicheko kikamkatika. "Lakini Mzee, ile mbegu ya Mama Shamim ilikuwa ya mama yake. Alitoka nayo kwao Lobule siku aliolewa. Ya sokoni hapana kama hiyo. Hiyo shina yake iko nyekundu, na uchungu yake kidogo tu. Mama yake alikufa, hiyo ndiyo alibaki nayo."

"Wewe huna mbegu yake?"

"Mimi nachuma majani tu."

Kamisi aliona aibu iliyomshika kuanzia masikioni. Natalina alizunguka pale alipong'oa, akapekua udongo kwa kidole cha mguu.

"Uling'oa namna gani? Maganda ilipasuka?"

"Yalinirukia mpaka machoni."

"Basi wewe umepanda," alisema Natalina, na tabasamu likamrudia. "Ngoja mvua. Lakini itatoka pamoja na magugu yote. Saa hiyo ukikosea tena, imekwisha."

Mvua ilinyesha siku tatu baadaye. Wiki haikupita, ardhi ikavaa kijani kibichi, chipukizi kwa maelfu, zote za urefu wa ukucha, zote zikiwa na sura moja. Kamisi alipiga magoti na miwani yake. Akang'oa magugu matatu kwa ushindi, akamwonyesha Natalina juu ya ua. Mawili yalikuwa mgagani. Alirudi mbio kuyapanda tena, akiyaomba radhi.

"Macho nakudanganya," Natalina alimwambia. "Shika. Gugu ya kishonanguo iko na meno pembeni. Mgagani nanata kwa kidole, kama mtoto alikula embe."

Tangu siku hiyo alitoka kila asubuhi kabla ya chai. Alishika shina moja moja, akalisugua, akaamua. Mwanzoni alitumia saa nzima kwa eneo la mkeka mmoja. Wiki ya pili vidole vilijua kabla yeye hajajua, na miwani ikabaki mfukoni. Mashina mekundu yalipoanza kuonekana, moja, kumi, mia, aliimba peke yake, wimbo wa gwaride, nje kabisa ya sauti. Alikuwa na furaha ambayo hakuipata hata siku ya kupandishwa cheo. Habari ya mistari alikuwa ameisahau.

Siku arobaini zilitimia. Hawah alishuka kwenye boda boda, akaweka mzigo chini, akapita jikoni moja kwa moja mpaka bustanini. Akainama.

"Baba Shamim. Hii mgagani iko na wiki tatu. Mimi niliacha ya kiuno. Ya kiuno iko wapi?"

Kamisi alikuwa ametayarisha hadithi ndefu kuhusu mbuzi wa watu. Aliiacha. Alisimama wima.

"Niliichoma. Nilidhani ni bangi."

Hawah alicheka. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, akakaa chini kati ya kunde, akajipiga mapaja. Kisha akainua kidole.

"Ngoja. Wewe ulidhani mimi napanda bangi."

"Ndiyo."

"Na hukwenda kituo."

"Sikwenda."

"Ulichoma yote. Wewe. Peke yako."

"Mpaka mizizi."

Hawah alimtazama mume huyu ambaye kila likizo ilipoisha alisema kazi ni kazi akaondoka: mtoto wa pili alipozaliwa, hata wiki waliyomzika mama mkwe wake. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na si machozi yote yaliyokuwa ya kicheko.

"Miaka hii yote mimi najiuliza," alisema, "siku moja serikali na mimi tukisimama kwa mlango wako, utafungulia nani."

Hawah akapapasa udongo kando yake.

"Kaa hapa. Nieleze tena, toka mwanzo. Usiruke kitu."