Amplifaya Chini ya Kiti cha Mama

Kwenye gari la mume wangu huingii na viatu. Unavivua mlangoni, unavitia kwenye boksi la plastiki, kisha unakanyaga zulia jeupe kwa soksi kama uko sebuleni. Theluji iwe ya magotini, upepo uwe unakata masikio, sheria ni hiyo. Wapenda muziki wa magari hapa Shinjo, mji wetu wa kaskazini mwa Japani, wengi wana sheria hiyo, na Shunpei wangu ndiye kinara wao.

Sheria ya pili ni feni. Gari lenyewe ni kibiriti chenye magurudumu, na feni ya joto hupiga kelele. Kwa hiyo muziki ukiwaka, feni inazimwa. Mimi hukaa nyuma, nikakunja miguu nikaikalia. Mama mkwe wangu, Sumie, magoti yake hayakunjiki. Ndiyo maana kila Jumanne tunampeleka kliniki. Yeye hukaa mbele, na vidole vyake vya miguu kila kipupwe huvimba, vikawa vyekundu na kumwasha.

Msimu huu ulipoanza Shunpei alifunga amplifaya mpya ya kukuza sauti ya spika. Katika kibiriti kile nafasi ilikuwa moja tu, chini ya kiti cha mama. Ilikuwa ya mtindo wa zamani, ile inayopata moto ikifanya kazi. Siku ya kwanza mama alirudisha visigino nyuma, vikagusa bati lenye joto.

"Shunpei, mwanangu, umeniwekea kitu cha kunipasha miguu joto?"

Mume wangu alinitazama kwenye kioo. Nilidhani atasema ukweli.

"Mm," akajibu. "Unasikia joto?"

"Raha tupu! Na mimi nilidhani kichwani mwako mna spika tu."

Tulipofika nyumbani tulicheka jikoni mpaka nikamwaga supu. Sasa sicheki.

Maana mama alitangaza. Kliniki nzima ilijua kwamba mwanawe kamtengenezea hita ya miguu, tena kwa mikono yake, si ya dukani. Wazee wenzake wakamwambia ana bahati. Akamletea Shunpei kopo la figili alizozitia chumvi mwenyewe, na Shunpei akazila akiangalia meza. Nikamwambia amweleze mama ukweli kabla mambo hayajaharibika.

"Nitamwambia," akasema. Hakumwambia.

Kisha siku moja muziki ukakatika njiani, katikati ya wimbo, na harufu ya kuungua ikajaa garini. Shunpei akasimama, akapenyeza mkono chini ya kiti cha mama, akavuta kitambaa. Lilikuwa blanketi dogo la mapajani. Mama alikuwa amelizungushia lile bati lote ili joto lisipotee.

"Mama, umefanya nini! Hii si hita! Ni amplifaya, ya muziki! Umeiziba pumzi, imekufa!"

Kwetu mtu akikosea huinama. Mama mkanda wa kiti ulimzuia, kwa hiyo aliinamisha kichwa tu, tena na tena, mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, blanketi likiwa kifuani.

"Nisamehe," akasema. "Nilidhani ni yangu."

Tukageuza kurudi nyumbani. Shunpei alishika usukani, masikio yamemwiva kwa aibu, na mimi kule nyuma nilitamani zulia linimeze. Nilikuwa nimecheka pamoja naye. Aibu ile haikuwa yake peke yake.

Jumamosi tukaenda dukani kwa mzee Tatsuo, ambaye amemfungia Shunpei spika tangu ujana wake. Mzee akaweka amplifaya mbili mezani.

"Hii ndogo, iangalie. Kama kisanduku cha chakula cha mchana! Inakaa popote, haili umeme, sauti safi. Ipige kutwa nzima, ukiishika ni baridi kama samaki. Hii nyingine ni ndugu yake ile uliyoiua. Inachemka. Ukiichukua nitakuona huna akili."

"Inachemka kiasi gani?"

"Hiyo ndiyo hasara yake, nakwambia!"

"Nauliza kiasi gani. Mtu akiweka mguu?"

Mzee akanigeukia. "Shemeji, huyu mumeo kalewa asubuhi yote hii?"

"Bora angelewa," nikasema.

Shunpei aliipapasa ile ndogo, akaigeuza huku na huku. Alikuwa ameitamani tangu kiangazi, kila siku ananionyesha picha zake kwenye simu. Kisha akaisukuma pembeni.

"Nifungie hiyo inayochemka."

Ningeweza kumwambia kwamba hita za miguu zinauzwa, au awashe tu feni. Mwenye hatia mwache abebe mzigo aliouchagua mwenyewe.

Jumanne alimfungulia mama mlango.

"Mama, leo ingia na viatu."

"Nikuchafulie zulia? Hebu nipishe." Akavivua, akavitia kwenye boksi.

Tukaondoka. Injini ilikuwa bado baridi na feni ilinguruma bure juu ya muziki, lakini Shunpei hakuizima.

"Mama, nimekuwekea nyingine. Hii ni yako. Safari hii ni yako kweli."

"Asante, mwanangu. Joto lake nalisikia."

Nikachungulia kati ya viti. Mama alikuwa amenyoosha mbele magoti yake yale mabovu, na miguu ameiinua juu ya zulia, inatetemeka, ili isiguse kitu. Blanketi alikuwa ameliacha nyumbani.

"Shunpei," nikasema, "tazama miguu ya mama."

Akatazama. Akasimamisha gari kando ya ukuta wa theluji, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa mama, akapiga magoti palepale kwenye theluji na suruali yake ya kazini. Akaikamata miguu ile, akairudisha taratibu mpaka visigino vikakaa juu ya bati. Kisha akavua koti lake akalizungushia vyote pamoja, miguu na amplifaya.

Mama akataka kujinasua. "Acha, Shunpei! Itazimika tena!"

"Izimike, mama," akasema, na mikono hakuiondoa.