Roho Inapiga Tumboni

Mwaka wa 1974 nilikuwa nimechoka, na nisiulizwe nilichoshwa na nini. Mimi Wasike, mganga msaidizi ambaye kila mtu alimwita daktari, nilikuwa peke yangu katika zahanati ndogo nje ya Kiganjo. Jumatatu ile watu hamsini na wawili walikuwa kwenye foleni kabla sijavua koti.

Hezekiah alikuwa wa arobaini hivi kwenye foleni hiyo. Mzee mrefu, mvuta kiko, asiye na makuu. Alijishika kitovuni.

"Daktari, roho inanipiga hapa kwa tumbo. Ata mgongo inauma."

Mimi ni mtu wa Bungoma. Kiswahili changu nilifundishwa darasani, na humo roho ni ile inayokwenda mbinguni. Ikimsumbua mtu, basi ana mawazo. Nikamuuliza kuna shida gani nyumbani. Nani hana? Akanieleza ugomvi wa mpaka wa shamba, nikatikisa kichwa kama padre, nikampa vidonge vya usingizi. Sikumlaza kitandani. Sikumgusa hata kwa kidole.

Alhamisi asubuhi walimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa mweupe midomo, jasho baridi likimtiririka, tumbo limekaza. Mkewe Magdaline hakunisalimu. Alinishika mkono, akaubandika juu ya kitovu cha mumewe.

"Skia vile roho inapiga. Si alikuambia?"

Chini ya kiganja changu kulikuwa na uvimbe mkubwa kuliko ngumi, unadunda. Ndipo nikaelewa kwamba watu wa huku wakisema roho wanamaanisha moyo, ule wa nyama. Mshipa mkuu wa damu ulikuwa umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, na sasa umepasuka. Mzee alinipa jibu lote siku ya Jumatatu, bure, nami nikalitupa.

Nilimwekea maji ya mshipani, kidogo tu, kwa maana presha ikipanda damu humwagika zaidi. Polisi walituazima Land Rover. Njia nzima hadi Nyeri nilimshika mkono nikihesabu mapigo, nikimwomba Mungu ambaye sikuwa nimezungumza naye tangu Pasaka.

Daktari wa upasuaji hakupoteza dakika. Alimpasua, akaubana mshipa juu ya ule uvimbe, wakamwongeza damu yote iliyopatikana, pamoja na yangu. Baada ya saa moja na nusu alitoka akivua glavu.

"Angeletwa hapa Jumatatu, tungempeleka Nairobi mshipa ukiwa haujapasuka," aliniambia. "Pengine angepona."

Magdaline alikuwa kwenye benchi, kofia ya mumewe mapajani. Nilimwambia Hezekiah amefariki. Kisha nikamwambia na lile lingine lote: foleni, vidonge, mkono wangu ambao haukumgusa. Niliona aibu, na sitaficha, nilitaka anipige, au anisamehe, lolote lile nipumzike.

Hakulia. Alinitazama usoni.

"Sasa umeniambia ndio nikusaidie kubeba?"

Akaikunja ile kofia, akaitia kwapani.

"Mimi niko na mtu wangu wa kubeba mpaka nyumbani," alisema, akisimama. "Hiyo ingine, daktari, ubebe wewe."