Kuni za Ng'ambo ya Mto Mkavu

Libérate alikuwa hajawahi kuona nyumba yenye usukani. Mwanawe Léonce alipoileta mbele ya fleti yao pale Point, mjini Durban, Jumatatu moja ya mwezi wa saba mwaka tisini na tisa, aliizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaigonga ubavu, akachungulia chini, ndipo akakubali kupanda.

Ndani mlikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili, sinki ya kuenea sahani tatu, choo chembamba nyuma ya mlango wa plastiki, na kitanda juu ya kichwa cha dereva. Kila kabati lilikuwa na kifungo chake, vikombe visije vikaanguka njiani. Libérate aliwasha na kuzima, akafungua na kufunga, kifungo kimoja baada ya kingine.

"Mama, kwa mwendo huu tutafika kweli?"

"Wewe endesha. Mimi nataka kujua ninamokaa."

Gari halikuwa lao. Léonce alikuwa fundi katika gereji moja ya Isipingo iliyokodisha magari ya namna hiyo, na baridi ndiyo msimu wake. Wazee wastaafu huyapeleka jangwani, kule mpakani na Botswana na Namibia, wakaote jua la mchana na kutazama wanyama. Safari hii wateja walikuwa wanakwenda kwa ndege, gari liwatangulie. Tajiri alimruhusu Léonce achukue mtu wa kuzungumza naye asisinzie. Mkewe Anaïs alikuwa na kazi yake ya kusuka nywele, hakuweza kuiacha. Basi akaenda mama, ambaye kwa miaka miwili ya Durban alikuwa amejua mitaa minne, kanisa, na ofisi ya wakimbizi.

Ofisi hiyo ndiyo iliyomkaa moyoni. Karatasi yake ya kuomba hifadhi iligongwa muhuri kila baada ya miezi mitatu, na kila mara afisa aliuliza swali lile lile: tangu tulipoonana, umetoka nje ya nchi? Ukitoka, karatasi imekufa, na mwenye karatasi atajua pa kwenda. Libérate alijibu hapana, akatia sahihi. Zamu yake nyingine ilikuwa wiki moja tu baada ya safari.

"Huko mpaka uko wapi?" aliuliza walipokuwa wameipita Bloemfontein.

"Ni mto, mama. Ng'ambo yake ndiyo Botswana."

"Basi sitaukaribia huo mto."

Mito ya mipaka aliijua. Mwaka wa tisini na sita aliuvuka Malagarasi kutoka Burundi akiwa na sufuria kichwani, maji yakimfika kifuani, na alipotokea upande wa Tanzania alikuwa mkimbizi. Kwake yeye mpaka ulikuwa kitu kinacholowesha nguo.

Walifika Jumatano alasiri. Mchanga ulikuwa mwekundu kama matofali yaliyosagwa, na migunga michache ilibeba viota vikubwa kama paa la nyasi lililorushwa na upepo likanasa juu ya mti. Kambini magari saba yalikuwa yamepangwa, na mbele ya kila gari wazungu wawili wazee wameketi na darubini zao, kimya, kama watu waliowahi msiba kabla ya maiti kufika. Choroa mmoja alipita mbali, pembe zake zimenyooka kama mikuki miwili. Darubini zote zikamfuata. Libérate alimtazama kwa macho matupu mpaka akapotea nyuma ya kilima cha mchanga.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini nyama yake lazima ni ngumu."

Asubuhi ndoo ya maji ilikuwa imeganda juu. Léonce akaingia uvunguni mwa gari kuangalia mabomba. Libérate alitaka kupika maharage, na kambini zilikuwako kuni za kununua, zimefungwa kwa waya. Hakuzitaka. Kwao mwanamke hakai kwenye moto ambao kuni zake hakuziokota mwenyewe. Ni sawa na kulala kitanda cha mgeni. Akajifunga kitenge juu ya sweta, akashuka mteremko, akapita uwanda wa nyasi kavu wenye jiwe jeupe lililosimama kimo cha goti, akapanda upande wa pili kulikokuwa na miti iliyokufa. Alichagua bila haraka. Tawi lenye mchwa aliliacha. Akasokota ngata, akatwika mzigo, akarudi kwa njia aliyoendea.

Jirani yao, bibi wa Kizungu mwenye kofia ya sufu, alisimama kitini akapiga makofi. Akasema neno, mumewe akacheka mpaka akakohoa. Léonce alitoka uvunguni, na uso wake haukuwa wa kucheka.

"Anasemaje?" Libérate akauliza.

"Anasema... karibu tena Afrika Kusini."

"Kwani nilikuwa wapi?"

"Mama, pale ulipovuka ndiyo mto wenyewe. Lile jiwe ni alama ya mpaka."

"Mto gani? Yako wapi maji?"

"Hauna. Yanakuja mara moja kwa miaka mingi."

"Na bado mnauita mto!"

Alishusha mzigo, akakaa juu yake. Maharage aliyapika kwa gesi. Kuni hakuziwasha, alimpa yule bibi wa kofia, ambaye alishukuru sana.

Wateja walipolipokea gari, walirudi kwa basi, siku mbili njiani, na njia nzima ilikuwa mabishano.

"Hatua mia, mama! Afisa gani alikuona? Nani aligonga muhuri?"

"Mguu haungoji muhuri."

"Eish! Ukisema watakunyima karatasi. Watakurudisha. Unataka kurudi?"

"Sitaki."

Nyumbani Anaïs akawa upande wa mumewe. "Maman, saa ile hata Mungu alikuwa anaangalia choroa."

Libérate alicheka, kisha akasema, "Nyumba yangu Burundi iliungua. Nani shahidi? Mume wangu aliuawa uani. Nani shahidi? Ni mdomo wangu peke yake. Nikiuchafua kwa ajili ya kuni, siku ya kuulizwa hayo nitawapa mdomo gani?"

Anaïs akaenda kumpigia pasi gauni la kanisani.

Siku ya zamu, mkalimani alikuwa Gadiel, Mtanzania wa Kilimanjaro, kijana wa tai. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Afisa, mama mmoja wa makamo, akauliza lile swali bila kuinua kichwa. Libérate alieleza yote: mto, jiwe, tawi lenye mchwa.

Gadiel alimgeukia afisa akasema neno moja.

Kiingereza cha Libérate kilikuwa kidogo, ila neno lile alilijua. "Sikusema hapana," alisema. "Nimesema maneno mengi. Yamekwenda wapi?"

"Mama, nakusaidia," Gadiel alinong'ona. "Nyamaza tu."

"Nisaidie kwa kuyasema."

Afisa akainua kichwa. Gadiel akalegeza tai, akayasema yote. Afisa akauliza alikaa kule muda gani. Kama wa kuchemsha chai, alijibiwa. Kuna mtu alionana naye? Hapana. Alikwenda kufanya nini? Kuni. Afisa akainuka, akaingia chumba cha nyuma na faili. Libérate alikaa na mikono mapajani. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika.

Aliporudi, afisa aliandika mistari mitatu na kugonga muhuri. Mwezi mmoja, si mitatu, na aje na mwanawe kutoa maelezo.

"Umeona sasa?" Gadiel alimwambia mlangoni. "Ungepata mitatu, bure kabisa. Na mwezi ujao sijui watasema nini."

"Hata mimi sijui. Nisomee alichoandika."

Gadiel akapumua, akaishika karatasi mbali na macho. "Mwombaji anasema alivuka mto usio na maji kutafuta kuni. Hakupita kituo cha mpaka. Alirudi kwa hiari yake mwenyewe."

"Huo wa mwisho, tena."

"Alirudi kwa hiari yake mwenyewe."

"Ameandika sawasawa," Libérate alisema, akaichukua karatasi, akauliza choo kiko upande gani.