Nyumba ya Wageni ya Hinokura

Jumanne asubuhi Orie alitandaza ramani ya milima ya Hida juu ya meza ya jikoni kwake Nagoya, akaikandamiza kona moja kwa chupa ya sosi ya soya. Mdogo wake, Tamotsu, alikuja na kitabu cha ratiba za treni na miwani mbili, moja ya kusomea, nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza.

Orie alikuwa na miaka sabini na minne, Tamotsu sabini na mmoja. Wote wawili waliishi kwa pensheni, na walitaka siku tatu za milimani majani yanapogeuka rangi. Treni za polepole zingewafikisha Takayama kwa nauli wanayoimudu. Taabu ilikuwa malazi. Kila Tamotsu alipopiga simu, alitajiwa bei, akashukuru kwa adabu na kukata.

"Tulale stesheni," alisema.

"Kalale wewe. Mgongo wangu si wa benchi."

Ndipo Orie alipokumbuka nyumba ya wageni ya bibi yao, Tome, kijijini Hinokura. Hinokura ilikuwa chini ya maji ya bwawa la umeme tangu Orie ana miaka kumi. Hakuwahi kupiga simu huko, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba simu bado inafanya kazi. Namba yake ilikuwa kumi na saba. Ikaita mara nne.

"Hinokura hapa," ilisema sauti ya bibi, na nyuma yake mapovu yalisikika yakipanda.

"Bibi, tutapata chumba tarehe ishirini na sita?"

"Kipo. Nani mwenzangu?"

"Orie."

"Orie wa Masa? Mbona sauti imezeeka hivyo?"

Bei haikuwa imepanda tangu mwaka walipohama. Tamotsu alinong'ona, "Muulize kama kuna bafu la maji ya moto." Lilikuwepo. Wakaweka nafasi.

Tarehe ishirini na sita, saa sita mchana, basi liliwashusha ukingoni mwa bwawa. Barabara ya zamani iliteremka hadi majini na kuendelea. Walishuka wakiwa wameshikana mikono, kwani palikuwa na utelezi. Maji yalikuwa ya baridi na mikono ya makoti yao ikawa mizito. Zaidi ya hapo njia ilikuwa ileile. Samaki walizunguka mti wa matunda wa mpersimoni uliokuwa shuleni. Tamotsu alichungulia kila dirisha.

"Kumbe palikuwa padogo hivi!" alisema.

Bibi Tome alikuwa amesimama mlangoni, akiwa bado na miaka yake sitini na tisa. Alimtazama Orie, akamtazama Tamotsu.

"Sasa hapa nani amwamkie nani?"

"Acha hizo, Bibi," Tamotsu alisema, akainama mpaka miwani ikamdondoka. Ilishuka taratibu, akaidaka.

Waliandaliwa tambi za soba, turnipu nyekundu za kuchachushwa, na miso, rojo zito la soya, iliyochomwa juu ya jani pana. Hapakuwa na samaki. Bibi alisema kuwala majirani hakupendezi. Saa tisa alasiri mwanga ulikwisha kule chini, naye akawasha taa ya mafuta.

Orie aliweka chini vijiti vya kulia. Kulikuwa na swali alilolibeba miaka sitini na minne.

"Mama alituambia utakuja na lori la pili."

"Lori lilikuja. Mimi ndiye sikupanda."

"Kwa hiyo Mama hakukuacha?"

"Masa? Alilia mpaka dereva akalia. Lakini mabwana wa kampuni walisema Hinokura ndiyo itakayoanza kupata umeme wa bwawa, kwa heshima ya tulichotoa. Nikasema, basi lazima mtu abaki amfungulie fundi mlango."

"Akaja?"

"Yuko njiani."

Mama yake Orie alikuwa amekufa akitazamwa na binti asiyemsamehe kwa kumwacha bibi. Orie alishika vijiti tena, akala turnipu moja, akaitafuna muda mrefu. Tamotsu alitazama juu. Mbali, nje ya maji, nyaya nene zilivuka bonde kuelekea Nagoya.

Asubuhi bibi aliwapa barua ya kumkumbusha fundi. Kwenye ofisi ya bwawa ilipokewa na karani wa makamo, Bi Nozue, aliyeishika kwa mikono miwili, akaianika kwa kibanio kwenye kamba, kando ya barua nyingine nyingi kama hiyo.

"Huwa zinaelea zenyewe theluji ikiyeyuka," alisema. "Hii ndiyo ya kwanza kuletwa kwa mkono."

"Fundi atakwenda lini?" aliuliza Orie.

"Ombi linahitaji nyumba iliyo nchi kavu."

"Yake haiko nchi kavu. Nyie ndio mlioizamisha."

"Ni kweli," alisema Bi Nozue, akainama sana, akabaki ameinama. "Fomu haina nafasi ya kuandika hilo."

Barua ilidondosha maji sakafuni. Wakaenda kuwahi basi.

Mwezi Machi, Orie alipiga tena namba kumi na saba, kuweka nafasi ya vuli.

"Tukuletee nini, Bibi?"

"Mafuta ya taa. Lita mbili tu, usijibebeshe. Fundi akija, yatabaki bure."