Dakika Tano za Verna Dubyk

Jumanne ya pili ya Aprili, saa tisa na dakika arobaini alasiri, Verna Dubyk alisimama mbele ya kipaza sauti katika ukumbi wa baraza la mji wa Kesterton, akakishusha kidogo kwa sababu aliyemtangulia alikuwa mrefu, akavua glavu na kuzitia mfukoni. Nje theluji ilikuwa imeanza kugeuka tope kando ya barabara. Alikuwa mtu wa hamsini na nane katika orodha ya wananchi waliojiandikisha kutoa maoni, na ndiye wa mwisho.

Maoni yenyewe yalihusu uwanja mpya wa hoki ya barafuni. Timu yetu, Bundi wa Kesterton, ilikuwa na uwanja wake tayari, wenye paa, viti na barafu, umri wake miaka ishirini na sita. Mwenye timu, Bwana Garrick Thorvald, alisema umechakaa. Alitaka mwingine wa dola milioni mia tano na sitini, na alitaka mji ulipe zote, isipokuwa kipande ambacho yeye angekilipa kwa kuiuzia benki haki ya kuuita uwanja kwa jina la benki hiyo. Tiketi, bia na maegesho vingekuwa vyake. Huo ati ndio ulioitwa ubia. Na baraza lisipoidhinisha kabla ya tarehe thelathini Juni, saa kumi na moja jioni, angeichukua timu na kuihamishia mji mmoja wa kusini ambako watoto hawajapata kuona theluji.

Verna hakuwa na ugomvi na Bundi. Alikuwa na jezi yao, tena ile ya zamani. Shida ilikuwa kwamba barabara ya kuingilia maegesho ilichorwa juu ya kiwanja cha mtaa wa Hollis. Kiwanja hicho ni ua wa mbao tu, taa mbili, na kibanda chenye jiko la kuni ambamo watoto hufunga viatu vyao vya kuteleza bila kulipa hata senti. Kwa majira ishirini na tisa ya baridi Verna, aliyekuwa dereva wa basi la shule, aliamka alfajiri, akavuta mpira wa maji hadi pale na kutengeneza barafu. Humwagi maji mengi kwa pupa, maana yanaganda juu na chini panabaki uwazi, halafu mtoto anavunjika kifundo cha mguu. Unanyunyiza kidogo, unasubiri yagande, unanyunyiza tena. Hakuna aliyewahi kumlipa, wala hakuwahi kuomba.

Kanuni za kikao zilikuwa tatu, na karani wa baraza, Imelda Catacutan, alizisoma mwanzoni kama kawaida. Kila mwananchi ana dakika tano. Hakuna anayeruhusiwa kumkatiza kabla muda wake haujaisha. Na kura haipigwi maadamu yupo mwenye muda. Saa ilikuwa ukutani, juu ya kichwa cha Meya Curtis Wendland, ikihesabu kurudi nyuma kwa tarakimu nyekundu. Imelda akabonyeza kitufe, Verna akaanza kwa kutaja jina na anwani yake.

Zilipobaki dakika nne na sekunde nane, saa ilisimama.

Verna aliendelea kusoma. Imelda aliangalia saa ya mkononi, akachungulia waya, akaandika kikaratasi na kumpelekea Meya. Meya akampa mwanasheria wa mji. Mwanasheria alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa kidole, akasema kwa sauti ya chini kwamba muda ni ule unaoonyeshwa na saa ya baraza, na hakuna palipoandikwa kwamba saa hiyo lazima iwe inatembea. Kubadili kanuni kungehitaji kura. Fundi akaitwa, akaishusha saa ile na kutundika mpya. Mpya nayo ilionyesha dakika nne na sekunde nane. Fundi akajaza fomu kwamba saa haina hitilafu, akaenda kwenye kazi yake nyingine.

Jioni ile Verna alimaliza karatasi zake mbili. Akainua macho, akaona bado ana muda, basi akaendelea bila karatasi. Alieleza jinsi ya kujua kama baridi inatosha: unatema mate, unasikiliza kama yanaganda kabla hayajafika chini. Alieleza kwa nini kona za kiwanja hufanywa kwanza. Kisha akaanza kutaja watoto waliojifunza kuteleza pale, mmoja mmoja, nani alianza kwa kusukuma kiti cha jikoni, nani alilia, nani sasa ni nesi.

Hakuchoka. Miguu haikuvimba, sauti haikukauka. Alilalamika mara moja tu kwamba midomo inapasuka, Imelda akampa mafuta yake mwenyewe. Madiwani walikuwa kumi na mmoja pamoja na Meya. Walikwenda kunawa kwa zamu ili akidi isivunjike, wakala mezani, wakalala wameegemea majalada. Diwani Marlene Fisk, anayewakilisha mtaa wa Hollis na aliyekuwa ameahidi hadharani kupinga, alijifunza kufuma soksi. Kina mama wa ukumbi wa mtaa hukanda pirogi kila Alhamisi, vile vidonge vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani, kwa hiyo kila Alhamisi jirani yake Verna, mzee Len Ostapiuk, alileta sufuria nzima, na Verna alitafuna katikati ya sentensi.

"Miaka arobaini mimi ni jirani yako, sijapata upenyo wa kusema hata habari ya asubuhi," Len alimwambia siku ya kwanza alipomwekea sahani. "Acha na wao waonje."

Ni Len aliyepiga hesabu ya kalenda. Wiki ya tatu alimwinamia na kumnong'oneza kwamba kura haipigwi maadamu ana muda, na muda hauishi. Akiwa bado anazungumza tarehe thelathini Juni jioni, basi siku ya mwisho ya Thorvald itapita, aende zake kusini au abaki na aibu yake, na kiwanja cha Hollis kitapona. Verna aliitikia kwa kichwa bila kukatiza habari ya mtoto mmoja wa mwaka wa tisini na nne. Tangu hapo alisimama wima zaidi.

Aprili ikaisha, Mei ikapita. Mjini watu waliulizana asubuhi kwenye foleni ya kahawa, "Bado anasema?" Wakajibiwa bado, wakaagiza kahawa yao. Shule zilileta wanafunzi kuona serikali ya mji inavyofanya kazi. Tarehe thelathini Juni ukumbi ulijaa hadi ngazini. Saa kumi na moja jioni ikafika, ikapita. Verna alikuwa anaeleza namna ya kuziba ufa kwa theluji iliyoloweshwa. Len alilia waziwazi, akajifuta kwa kofia.

Saa kumi na moja na dakika mbili simu ya Meya ikalia. Bwana Thorvald, kwa moyo wake mwema, alikuwa ameongeza muda hadi tarehe thelathini Septemba.

Nisikilizeni vizuri hapo. Miezi mitano huyo mtu alituambia ni Juni au hakuna timu. Wazee walikosa usingizi. Watoto waliandika barua za kumbembeleza. Kumbe siku ya mwisho ilikuwa na miguu. Gazeti letu likampigia meya wa ule mji wa kusini, naye akajibu kwa adabu kwamba hamjui Bwana Thorvald wala hana habari ya timu yoyote. Wakaichapisha ukurasa wa kumi na saba, chini ya matangazo ya matairi. Hakuna aliyejiuzulu wala aliyeona haya.

Verna aliendelea. Kama ni Septemba, basi Septemba.

Katikati ya Agosti, dirisha la ukumbi likiwa wazi kwa joto, vumbi liliingia likatua juu ya majalada. Verna aligeuza shingo. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na matingatinga manne na shimo. Kwa kuwa nafasi ya kusema ilikuwa yake, aliuliza palepale kwenye kipaza sauti, "Mheshimiwa Meya, yale matingatinga yanachimba nini?"

Meya alimtazama mwanasheria. Mwanasheria alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba ule ndio msingi wa uwanja. Mkataba ulisainiwa Februari katika kikao cha faragha, kama sheria inavyoruhusu. Kazi za awali hazihitaji kura. Kura iliyobaki ni ya kuthibitisha.

Februari! Watu hamsini na wanane walipanga foleni kwenye baridi ya Aprili, wamevaa nguo za kanisani, wamekariri dakika zao tano mbele ya saa za jikoni, na wale waliokaa mbele yao wakitikisa vichwa kwa huruma walikuwa wamekwisha kutia saini tangu Februari. Huko ni kumfanya mtu mjinga huku unammiminia maji ya kunywa.

Verna alivuta pumzi moja. Kisha akarudi alipoachia, kwenye ufa na theluji iliyoloweshwa.

Siku ya mwisho ya Septemba ikapita bila hata kutajwa, na Oktoba wenye matingatinga walikuja kwenye kiwanja cha Hollis. Waling'oa mbao, wakazipanga kwenye lori, wakaondoa taa zile mbili. Kibanda kilianguka kwa sukumo moja. Kutoka pale aliposimama Verna aliyaona yote, na aliyasema kwenye kipaza sauti kadiri yalivyotokea, ubao kwa ubao, na Imelda akayaandika. Lori lilipoondoka, Len alikuja akasimama kando yake.

"Verna, kaa chini. Wamekwisha kukichukua."

"Nikinyamaza watapiga kura."

"Wakipiga kura watapata nini ambacho hawajakipata?"

Alifikiri huku akisema jambo jingine. "Watapata ruhusa yangu," akamjibu. "Watasema tulimaliza kumsikiliza, akakaa." Akarudia kutaja majina.

Basi mwaka ukapita hivyo, ukafuata mwingine. Nguzo zilipanda, paa likafungwa, jina la benki likawashwa taa za buluu ambazo ziliingia hadi ukumbini na kuwapaka madiwani rangi usoni. Siku ya mechi ya ufunguzi watu elfu kumi na nane waliimba wimbo wa taifa upande wa pili wa barabara, vioo vikatetemeka, na Verna akalazimika kupaza sauti kidogo. Kodi ya majengo ilipandishwa mara mbili. Len alikwenda kuangalia mechi moja, akarudi akasema viti ni vizuri, bia ni dola kumi na nne, na kwamba alishangilia bao, akaona haya nafsini mwake. Verna alimwambia asijali, goli ni goli.

Februari ya tatu, alasiri, alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu wa kumtaja, msichana aliyejifunza wiki ya mwisho kabla ya ile Aprili. Akamtaja. Kisha akamgeukia Diwani Fisk, ambaye soksi zake sasa zilijaza kikapu.

"Marlene, uliahidi kupinga. Bado ahadi iko palepale?"

Diwani Fisk aliweka sindano zake chini. Alikuwa mwanamke mwema, hilo hakuna anayelikataa. "Moyo wangu unapinga, Verna," alisema. "Lakini jengo limesimama. Kulikataa leo ni kutupa fedha za umma."

Verna alimtazama. Wengine wanasema alitabasamu, mimi nasema hapana. Alishika nguzo ya kipaza sauti.

"Sina zaidi," akasema.

Saa ikaanza kutembea. Nne na saba, nne na sita.

Meya aliuliza kama ana hakika. Akaitikia. Meya akakohoa, akatangaza kwamba muda uliobaki ni haki ya mwananchi na hakuna mwenye mamlaka ya kuugusa, hivyo baraza litasubiri uishe. Wakasubiri. Hakuna aliyeshika simu. Len alivua kofia, na wanaume wengine nyuma yake wakavua za kwao. Verna alisimama mikono ikining'inia, kwa mara ya kwanza akionekana mwenye miaka sitini na tisa, na miguu yake ilianza kuvimba mbele ya macho ya watu, viatu vikabana, Imelda akamletea kiti, akakikataa. Dakika nne nzima zilikwenda hivyo, hadi sifuri.

Kura ilichukua chini ya nusu dakika. Tisa waliunga mkono, wawili wakapinga. Mkono wa Diwani Fisk ulikuwa miongoni mwa tisa. Meya alisema hajui mji mwingine uliompa mwananchi wake muda mrefu kiasi kile, na kwamba angependa jambo hilo liingizwe kwenye kumbukumbu kwa fahari. Likaingizwa. Ajenda iliyofuata ilikuwa vibali vya mbwa.

Len alimshikia Verna koti. Kwenye korido Diwani Fisk aliwakimbilia, akamshika Verna mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Nataka ujue kwamba tulikusikia," alimwambia. "Kila neno."

Na hakusema uongo. Walikuwa wamemsikia, wote kumi na mmoja, kila neno.