Kufuli Lililokosa pa Kushika

Usiku wa jana niliota nimerudishiwa kazi. Nililala nikimuwaza dada yangu Sikudhani, mwenye uvimbe titini. Ameshatundikiwa dripu nne, ya tano ni leo, na daktari alisema uvimbe unaanza kunywea. Badala ya kumwota yeye, nikaota kiwanda.

Niseme ukweli, viwanda naviota sana. Mwaka 1994 kiwanda chetu cha magunia kilifungwa kwa kufuli moja, sisi watu mia tatu, na mimi mwenyekiti wa chama chao cha wafanyakazi, tuko nje na vikombe vya chai mkononi. Aliyelifunga akasema, "Tutaonana Jumatatu." Jumatatu hiyo naisubiri mpaka leo. Sijasahau hata rangi ya viatu vyake.

Hiki cha ndotoni si cha magunia. Kuta ni laini, zina joto, zinapumua. Mashine zipo kwa maelfu, kila moja ina vipande karibu themanini, na vyote vinaongea. Karatasi inaingia upande mmoja, mashine inaisoma herufi tatu tatu, upande wa pili unatoka uzi.

"Umechelewa, Mwenyekiti," kipande kimoja kikaniambia kwa sauti ya mama muuza supu.

"Wewe nani?"

"Kumi na Nne. Hilo si jina, ni namba. Hakuna aliyewahi kuniuliza jina."

Nikampenda hapo hapo.

"Mnatengeneza nini hapa?"

"Sisi wenyewe. Tukimaliza tunaanza upya."

"Na mwenye mali?"

"Wanasema ni mwanamke. Hatujawahi kumwona."

Nikacheka kwa uchungu. Mwenye mali asiyeonekana! Namjua huyo, tena vizuri.

Mlango unafunguka. Anaingia bwana mwembamba, amelowa chapachapa, maji yanamdondoka tone, tone, tone. Begani ana fungu la makufuli. Anakwenda mashine kwa mashine. Kila mashine ina Kumi na Nne wake, na mkiani mwake kuna pete ndogo. Anapitisha kufuli, anabana, na mashine inakufa uzi ukiwa bado mdomoni.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Mgonjwa. Huyu tuliye ndani yake. Hii ni mara ya tano nakuja. Nikizifunga zote, anapona."

"Hata yule wa tisini na nne alisema kiwanda kinaumwa!"

Ningeuliza swali moja tu zaidi, ningejua. Mimi niliyejisomea vitabu vinene bila mwalimu, niliyewabishia mameneja wenye digrii mbili mbili! Sikuuliza. Nikiona kufuli, siulizi.

"Hii pete inaondokaje?" nikamnong'oneza Kumi na Nne.

"Ukinikata mimi umefanya kazi bure, kesho atatoka mwingine mwenye pete. Panda masjala, ukaibadilishe karatasi yangu, ile tunayotengenezwa kwayo sote wa namba hii. Herufi moja inatosha."

"Karatasi ni moja tu?"

"Zilikuwa mbili, ya upande wa mama na ya upande wa baba. Ya baba ilipotea zamani. Nani angeitafuta?"

Napanda ngazi. Masjala ni chumba cha marehemu mama yetu, na kitanda chake kile kile cha kamba. Karatasi iko chini ya godoro, nayo ni ya chuma. Mkononi nina tupa yangu ya kiwandani, mpini umefungwa kitambaa chekundu. Napiga tupa, napiga tupa, mpaka herufi moja inageuka kuwa nyingine.

Nikishuka, bwana yule anamfunga Kumi na Nne mpya. Kufuli linateleza. Anajaribu tena, linaanguka miguuni pake. Mashine zote zinanipigia makofi. Anakaa juu ya makufuli yake, maji yanamdondoka pole pole.

"Mwenyekiti," anasema, "huyu mama alikuwa na siku chache tu za kungoja, apone."

"Mama gani?"

Kabla hajajibu, kiwanda kinapasuka katikati. Vimekuwa viwili, na mimi nimo katika vyote viwili, napigiwa makofi mara mbili. Vikawa vinne. Vikawa vinane. Pete hakuna hata moja. Nyuma ya ukuta mtu akakohoa, na kikohozi kile nakijua tangu utotoni, tulipokuwa tukilala mkeka mmoja.

Nikaamka. Sikudhani amesimama mlangoni, amevaa khanga zake za kliniki, ana jagi na beseni.

"Kaka, amka unawe, chai inapoa. Leo nataka tuwe wa kwanza foleni. Yaani nasikia kabisa, dawa imeshika!"

Nikakinga mikono. Akamimina. Maji yakaingia beseni yakiwa meusi, na chini ukatulia unga wa chuma, unaometa.

Akainama kuutazama. "Makubwa! Umeshika nini wewe?"

"Nilikuwa kiwandani."

"Kiwandani!" Akacheka mpaka akajishika kifua. "Si kilishafungwa kile, kaka?"

Nikamwambia aongeze maji.